Kuangalia na Kupiga Picha Treni za Mizigo Kuanzia Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Treni za mizigo za Dar zinapita reli ipi?

Reli ziko tatu, na usipozitofautisha mapema utakaa juani ukisubiri treni isiyopita hapo ulipo.

Ya kwanza ni reli ya kati ya zamani, ya TRC (Shirika la Reli Tanzania), yenye geji, yaani upana kati ya reli mbili, ya milimita 1,000. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Inatoka mjini na bandarini, inapita Kamata, Buguruni, Vingunguti na Gongo la Mboto, inapanda Pugu, kisha inashika njia ya Soga, Ruvu na Morogoro. Pale Ruvu inachepuka njia nyingine kwenda Mruazi, ambako inakutana na reli ya Tanga.

Ya pili ni TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, geji ya milimita 1,067, ambayo wazee bado wanaiita Reli ya Uhuru. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Ina urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia, na kilomita 975 kati ya hizo ziko Tanzania. Hii haipiti Morogoro mjini. Ikitoka Dar inaelekea kusini-magharibi kupitia Kisarawe na Mzenga, inakwenda Fuga, Kisaki, Ifakara, Mlimba, Makambako na Mbeya, halafu inavuka mpaka Tunduma.

Ya tatu ni SGR, reli mpya ya kisasa ya TRC, geji ya milimita 1,435, inayotumia umeme. Abiria walianza kusafiri hadi Morogoro Juni 2024 na hadi Dodoma Julai mwaka huohuo. Treni za mizigo zilifuata 2025.

Nikiwa porini nimekuta reli, nitajuaje ni ya nani?

Usihangaike na upana. Tofauti ya reli ya kati na TAZARA ni sentimita 6.7 tu, na macho hayaioni. Tazama mataruma, yale magogo yanayolazwa chini ya reli kuishikilia. Ya TAZARA ni ya zege, ya reli ya kati mengi ni ya chuma yenye kutu ya rangi ya kahawa. Ukiona mataruma ya zege pamoja na nguzo za umeme na uzio pembeni, hiyo ni SGR.

Kwa nini picha nzuri zinaanza baada ya Pugu?

Kabla ya Pugu kila upande una kitu ambacho kamera haitakiwi kukitazama. Kuna bandari, kuna uwanja wa ndege, kuna Gereza la Ukonga, kuna kambi ya jeshi Gongo la Mboto. Ongeza maduka na vibanda vilivyosogea hadi karibu na tuta, watoto wanaokatiza na bodaboda zinazovuka bila kutazama. Hata ukipata ruhusa, utapata picha ya bati na nguo zilizoanikwa, na treni nyuma yake. Wapo wanaopenda picha za namna hiyo, na zina uzuri wake, lakini si mahali pa kujifunzia.

Kwa reli ya kati anza na Soga au Ruvu. Ruvu unashukia Mlandizi kwenye Barabara ya Morogoro, kisha unachukua bodaboda. Patana bei ya kwenda na kurudi, na uchukue namba ya dereva, kwa sababu jioni stesheni haina usafiri. Kwa TAZARA, jaribu Mzenga wilayani Kisarawe. Barabara za huko ni za vumbi, na masika zinageuka tope.

Ratiba ya treni za mizigo naipata wapi?

Ratiba ya abiria inatangazwa. Ya mizigo hupewi, na hata ungepewa isingekusaidia sana, kwani treni inaondoka mzigo ukiwa tayari, kichwa (injini inayovuta) kikiwepo na njia ikiwa wazi. Kinachosaidia ni kuisoma njia.

Reli ya kati ya zamani na TAZARA ni za njia moja. Treni mbili zinazotazamana hupishana stesheni, moja ikiingia kwenye lupu, yaani reli ya pembeni ya kupishania. Ukikuta treni imesimama lupu, injini inanguruma polepole na dereva ameshuka kunyoosha miguu, ujue anasubiri mwenzake. Usiondoke hapo. Hiyo ya pili ndiyo utakayoipiga ikiwa kwenye mwendo.

Hesabu nayo ni rahisi. Treni ikishaondoka, kipande cha hadi stesheni inayofuata ni chake mpaka ifike. Kama stesheni hiyo iko kilomita 20 mbele na treni inakwenda kilomita 40 kwa saa, kwa nusu saa hakuna treni nyingine itakayokuja kutoka upande huo. Muda huo unatosha chai na chapati.

Dalili nyingine ni watu. Mfanyakazi anayetoka ofisini na bendera ya kijani na nyekundu mkononi akielekea kwenye pointi, pale reli zinapogawanyika, hatembei kwa ajili ya mazoezi. Mafundi wa njia wanaoinua kiberenge, kigari chao kidogo cha relini, na kukitoa njiani wamekwisha kupata taarifa. Ukiona hivyo, weka simu ya WhatsApp pembeni na ushike kamera.

Halafu kuna sauti. Treni iliyojaa inayopanda kutoka Dar kwenda Pugu unaisikia dakika kadhaa kabla, injini inavuta kwa nguvu na moshi unaonekana juu ya miti. Inayoshuka kwenda Dar ni hatari zaidi, maana injini haivuti. Unachosikia ni msuguano wa breki, na baada ya kupita unabaki na harufu ya chuma kilichoungua. Watu wengi hushtuka ikiwa tayari iko mita 200. Na usiweke sikio kwenye reli kusikiliza.

Nahitaji kibali?

Eneo la reli ni mali ya shirika, na kutembea juu ya njia bila ruhusa ni kosa. Ukisimama kwenye barabara ya umma, kwenye kivuko rasmi cha reli au shambani kwa mtu aliyekuruhusu, hali ni nyepesi zaidi, ingawa bado unaweza kuulizwa. Madaraja makubwa, bandari, vituo vya umeme na majengo ya ulinzi usiyapige bila kibali cha maandishi.

Ukitaka kuingia stesheni au karakana, andika barua kwa makao makuu ya shirika husika, TRC au TAZARA. Taja majina ya wote mtakaokwenda, tarehe, stesheni, vifaa na matumizi ya picha. Barua inayosema «kwa kujifurahisha na kumbukumbu» inasomeka tofauti na ile isiyosema kitu. Chapisha nakala tatu: ya mlinzi, ya mkuu wa kituo na yako. Mlinzi asiye na karatasi ya kuonyesha kwa bosi wake atakukatalia hata kama moyoni hana shida na wewe, na hatakuwa amekosea.

Nikifika stesheni ya kijijini nianze vipi?

Kamera ibaki kwenye begi. Nenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu wa kituo, ambaye wengi wanamwita stesheni masta. Akiwa mtu mzima kuliko wewe, anza na shikamoo. Kisha sema kwa ufupi: «Habari za kazi, mkuu. Tumetoka Dar, tunapenda treni, tunaomba kupiga picha za treni ya mzigo tukiwa kule nje ya eneo la reli. Kitambulisho changu hiki hapa.» Mlinzi mwite afande. Onyesha kitambulisho cha NIDA kabla hujaombwa.

Akikataa, shukuru na uondoke. Kubishana naye kutawaharibia wanaokuja baada yako, na yeye anaweza kuwa na sababu asiyoweza kukwambia. Akikubali, mwulize swali moja tu: anaona ni wapi pa kusimama pasipomsumbua? Mara nyingi atakuonyesha mahali pazuri kuliko ulipokuwa umepafikiria, na atataja pia treni inatoka upande gani.

Nisimame umbali gani?

Usikaribie chini ya mita 5 kutoka reli ya nje, na mita 10 ni bora. Behewa lenyewe si tatizo. Tatizo ni vitu vinavyotoka nje yake: kamba ya turubai iliyofunguka, ukingo wa turubai unaopiga kama kiboko, mlango uliolegea, kokoto inayoruka. Kwenye kona kuwa mwangalifu zaidi. Upande wa ndani wa kona, tumbo la behewa husogea kuelekea kwako. Upande wa nje zinasogea ncha zake.

Usisimame karibu na pointi, kwa sababu vyuma vyake husogea ghafla na vinaweza kubana mguu. Na usipite chini ya treni iliyosimama, au katikati ya mabehewa, hata kama wenyeji wanapita. Kati ya behewa na behewa kuna nafasi kidogo kwenye kiungio. Kichwa kikivuta, unasikia mlio «ka-ka-ka-ka» ukikimbia kutoka mbele hadi nyuma, na kila behewa linaruka kwa zamu yake. Aliye chini ya behewa la ishirini husikia mlio huo sekunde chache kabla ya kuguswa, na hazitoshi kutoka.

Treni iliyojaa ikifunga breki bado inahitaji mamia ya mita kusimama. Dereva akipiga honi, tayari amefanya karibu kila anachoweza.

Na SGR?

Kaa nje ya uzio. Waya wake una volti 25,000, na umeme wa kiasi hicho unaweza kurukia kitu kabla hakijagusa waya. Kwenye daraja la juu usitoe stendi ya kamera, fimbo ya selfi au mwavuli nje ya ukingo. Reli hiyo imesanifiwa kwa kilomita 160 kwa saa kwa abiria na 120 kwa mizigo, na treni ya umeme haina mngurumo wa kukuonya.

Kuna vipande ambavyo SGR na reli ya kati vinakwenda sambamba. Hapo treni moja inaficha sauti ya nyingine. Ukimaliza kupiga ya kwanza, tazama pande zote mbili kabla hujasogeza mguu.

Jua la Dar linanisumbua. Saa ngapi ni nzuri?

Saa 12 na nusu hadi saa 3 asubuhi, na saa 10 hadi jua linapokaribia kuzama. Hilo kila mpiga picha analijua. Kisichojulikana sana ni upande wa kusimama, na hapa ndipo safari nyingi zinaharibika.

Dar iko takribani nyuzi 6.8 kusini mwa Ikweta. Maana yake jua la mchana halikai upande mmoja mwaka mzima. Juni na Julai linakuwa kaskazini, na saa 6 mchana linafikia nyuzi kama 60 tu juu ya upeo. Desemba linakuwa kusini, nyuzi kama 73. Mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba linapita utosini kabisa, na mchana wake hakuna upande wowote wenye mwanga mzuri.

Sasa weka hilo kwenye reli. Kati ya Pugu na Ruvu reli ya kati inaelekea magharibi kwa ujumla. Kwa hiyo Mei hadi Agosti simama upande wa kaskazini wa njia, Novemba hadi Januari simama kusini. Asubuhi ngojea treni inayoingia Dar, kwa sababu uso wake unatazama mashariki na jua linaupiga sawasawa. Jioni ngojea inayokwenda bara. Treni nzuri ikija upande mbaya, igeuze kuwa picha ya kivuli: pima mwanga wa angani na uache kichwa kiwe cheusi chote pamoja na moshi wake.

Mipangilio ya kamera?

Anza na kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga. Treni ya kilomita 40 kwa saa inakwenda mita 11 kwa sekunde, hivyo katika 1/500 ya sekunde inasogea sentimita 2.2. Ikija kukuelekea, hiyo inatosha. Ikikatiza mbele yako, panda hadi 1/1000. Treni ya SGR yenye kilomita 160 kwa saa inahitaji 1/2000 ili isogee sentimita hizohizo 2.2. Tundu la lenzi liwe f/5.6 hadi f/8, na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) uiache ipande mpaka namba hizo zikae. Chembechembe kwenye picha zinavumilika kuliko ukungu wa mwendo.

Fokasi, yaani mahali picha itakapokuwa kali, iweke mapema. Chagua taruma moja ambalo treni ikifika hapo utabonyeza, fokasi juu yake, kisha zima fokasi ya kujiendesha. Kamera zikiachwa zichague zenyewe hushika taa ya mbele au majani yaliyo karibu nawe.

Ukitaka magurudumu yaonekane yanazunguka na mandhari yavutike, shusha shata hadi 1/60 na uifuate treni kwa kiuno, si kwa mikono. Miguu iwe imeelekea pale utakapobonyeza, mwili uanze ukiwa umejipinda kuelekea inakotoka. Piga mfululizo, na uendelee kuzunguka hata baada ya kuachia kitufe. Kati ya picha kumi moja au mbili zitakuwa safi, na hiyo ni kawaida.

Nina simu tu. Inatosha?

Inatosha sana kwenye treni za dizeli. Usivute picha kwa vidole. Tumia lenzi ya simu kama ilivyo au sogea mahali pengine. Kabla treni haijafika, bonyeza na kushikilia kidole kwenye kokoto au nyasi zilizo kwenye mwanga uleule mpaka simu ifunge fokasi na mwanga, kisha usiguse tena. Piga mfululizo.

Kwenye SGR simu nyingi hupiga behewa likaonekana limelala kama limesukumwa na upepo. Sababu ni kwamba simu inasoma picha mstari kwa mstari huku treni ikisogea. Usiipige ikikatiza mbele yako. Simama kwa pembe, ikiwa inakuja kukuelekea.

Kwa nini uso wa kichwa unatoka mweusi?

Taa ya mbele na anga jeupe la pwani vinaidanganya kamera idhani mwanga ni mwingi. Ongeza mwanga kwa nusu stopu hadi stopu 1 (stopu 1 ni mwanga mara mbili), au pima kwenye nyasi.

Na kwa nini picha za mchana za lenzi ndefu zinatetemeka kama zimepigwa majini?

Ni joto linalopanda kutoka kwenye kokoto na reli. Lenzi yako ni nzima. Hakuna mpangilio unaoiondoa hali hiyo. Rudi asubuhi, au tumia lenzi fupi ukiwa karibu zaidi, nje ya eneo la reli bado.

Unyevu wa Dar unaharibu lenzi?

Ndiyo, na polepole kiasi kwamba unashtukia umechelewa. Kuvu huanza kama nyuzi nyembamba za buibui ndani ya kioo, unaziona ukimulika tochi kwa ubavu. Usifungie kamera kwenye begi la kitambaa kabatini. Nunua kontena la plastiki lenye mpira wa kufungia, weka ndani pakiti za silika zinazonyonya unyevu, na uzibadilishe zikibadilika rangi. Usitumie mchele badala yake; unaacha vumbi, uache jikoni. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, acha kamera begini dakika 20 hadi 30 kwanza, la sivyo lenzi itajaa ukungu treni ikiwa inaingia.

Treni inabeba nini? Nitatambuaje?

Hapa ndipo kuangalia kunapokuwa kutamu kuliko kupiga. Zinazokwenda bara hubeba kontena, mafuta, mbolea, ngano, saruji. Kwenye TAZARA, salfa inayokwenda migodini huacha vumbi la njano kwenye kingo za behewa. Zinazorudi Dar kutoka Zambia hubeba shaba. Ikionekana, ni mabamba ya karibu mita moja kila upande, yamefungwa pamoja kwa mikanda ya chuma, rangi yake ya waridi iliyofifia. Rundo ni fupi kiasi kwamba behewa linaonekana tupu. Shaba ni nzito sana, na behewa linafikia uzito wake kabla halijajaa kwa macho.

Tazama springi za magurudumu: behewa lililojaa springi zimebanwa, tupu zimenyooka. Tangi la mafuta lililojaa haligongi kwenye viungo vya reli kwa sauti ileile ya tangi tupu. Sikiliza mawili matatu utaelewa.

Treni ya mabehewa 25, kila moja mita 14 hivi, inapita mbele yako kwa karibu nusu dakika ikienda kilomita 40 kwa saa. Piga picha sekunde tano za kwanza, zilizobaki hesabu na usome.

Naweza kuposti papo hapo?

Picha yenyewe haina shida. Shida ni kutaja mahali na saa. Shaba na mafuta vina wezi wake, na maelezo yako yanaweza kuwa ramani yao. Ngoja siku moja au mbili, na uzime alama ya mahali kwenye simu. Ajali usiirushe kabisa kabla ndugu wa waliopatwa hawajajua.

Droni?

Unahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na cha Wizara ya Ulinzi. Bila hivyo, iache nyumbani.

Picha za TAZARA na wanyama naweza kupiga kwa kutembea?

Hapana. Reli inapita kwenye eneo la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, maeneo ya Matambwe na Kinyanguru, na kule mwenye njia ni tembo. Piga ukiwa ndani ya treni ya abiria, au ingia na gari na mwongozaji kwa kulipa viingilio. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi nao uko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, hivyo usikatize kienyeji kutafuta kona ya reli.

Masika twende?

Majani yanakuwa ya kijani na hewa haina vumbi, kwa hiyo mwanga ni mzuri. Lakini mvua za Machi hadi Mei hukata njia. Kipande cha Kilosa hadi Gulwe kwenye reli ya kati kinajulikana kwa kusombwa na mafuriko, na kikikatika huko, Ruvu unaweza kukaa kutwa bila kuona treni. Uliza kabla ya kupanda gari.

Nibebe nini?

Maji lita 2 kwa mtu, kofia, viatu vya kufunika (siafu na nyoka wako kwenye nyasi za tuta), betri ya ziada, pawabanki, mfuko wa plastiki kwa mvua ya ghafla. Nguo isiwe nyekundu wala kijani kibichi, kwani hizo ndizo rangi za bendera za reli na dereva hatakiwi kubahatisha. Nguo zinazofanana na sare za jeshi usivae kabisa.

Kwenye daftari niandike nini?

Namba ya kichwa, mahali, tarehe, saa, upande inakoelekea, idadi ya mabehewa na aina ya mzigo. Namba ya kichwa iandike kabla hujaangalia picha, maana picha inaweza kuwa imekatwa hapohapo. Na usifunge daftari mpaka behewa la mwisho lipite. Nyuma yake panatakiwa kuwa na alama ya mkia, taa au kibao au bendera. Ukiona behewa la mwisho halina alama hiyo, na hasa kama kiungio kinaning'inia wazi, huenda treni imekatika na nusu yake iko nyuma njiani. Mpigie mkuu wa kituo au mkimbilie mfanyakazi wa karibu saa hiyohiyo, umwambie namba ya kichwa na hesabu yako ya mabehewa.